Mlo wa Jioni Huanzia Kwenye Mizani

Katika lugha ya sheria na ya ofisi zetu, mtu anayenunua bidhaa au huduma huitwa mlaji. Jina hilo hutumika hata kwa aliyenunua simu, bati au tiketi ya basi, vitu ambavyo havilikani. Katika sura hii tunalirudisha jina hilo nyumbani kwake. Tunamzungumzia mlaji anayekula kweli, na hasa mlo wake wa jioni katika siku za kazi, pale ambapo muda ni mchache, mwili umechoka, na fedha iliyobaki mfukoni imekwisha kupunguzwa na nauli.

Tumeuchagua mlo huo kwa sababu ununuzi wa jioni hufanywa kwa haraka kuliko ununuzi mwingine wowote. Mnunuzi hushuka kwenye daladala saa moja usiku, hupita kwenye duka la mtaani, ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam huliita kwa Mangi hata pale mwenye duka asipokuwa na asili ya Kilimanjaro, na huomba unga nusu, mafuta ya kupima, nyanya fungu moja na dagaa wa kutosha mboga. Hasomi lebo, hatazami mizani, haulizi bei ya kilo. Akifika nyumbani hupika kile kile alichopika jana. Hasara yake ni ya aina mbili: ya fedha na ya ladha. Zote mbili zina dawa, na dawa hiyo haihitaji viungo vya kigeni. Inahitaji maharage, dagaa, mayai, karanga, mboga za majani, nazi, limau, na dakika chache za kufikiri kabla ya kutoa fedha.

Gharama ya kununua kidogo kidogo

Tuanze na hesabu. Bei tunazozitaja hapa ni za mfano. Mlaji aweke bei za mtaani kwake. Chukulia kwamba chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia inauzwa Sh. 6,000, na kipimo kidogo cha mililita 50 kinauzwa Sh. 400. Lita moja ina vipimo 20 vya aina hiyo. Anayenunua kipimo kimoja kila jioni, baada ya siku 20 atakuwa amelipa Sh. 8,000 kwa lita ile ile. Amelipa Sh. 2,000 zaidi na hakupata hata tone la ziada. Hesabu kama hiyo ifanywe pia kwa maharage, mchele, sukari na unga: bei ya robo kilo izidishwe kwa nne, kisha ilinganishwe na bei ya kilo.

Hatusemi haya kwa kumlaumu anayenunua kidogo. Mtu hununua kipimo cha Sh. 400 kwa sababu ana Sh. 400, na hakuna somo la kubana matumizi linaloweza kuibadili hali hiyo kwa maneno. Tunachoshauri ni kuchagua bidhaa moja tu kila wiki na kuinunua kwa kiasi kikubwa kidogo kuliko kawaida: wiki hii mafuta, wiki ijayo maharage, wiki inayofuata mchele. Wako pia majirani wanaochanga fedha, wakanunua mfuko wa mchele wa kilo 25 na kugawana. Huo ni utaratibu mzuri, mradi mgawanyo ufanyike kwa mizani wala si kwa bakuli, kwa maana bakuli limevunja ujirani mwingi.

Mafuta ya kupima yana kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi katika chakula ziliwataka wazalishaji wa viwandani nchini Tanzania kuongeza vitamini A katika mafuta ya kula. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Mafuta yaliyowekwa kwenye chupa angavu juani tangu asubuhi yanaweza kuwa yamepoteza sehemu ya kirutubishi hicho, na kwa kuwa hayana lebo, mnunuzi hawezi kujua ni ya nani, yalifungashwa lini, wala kama yalichanganywa na mengine. Anayelazimika kuyanunua ayachukue katika duka linaloyahifadhi kivulini na kwenye chombo chenye kifuniko.

Mizani, kisado na fungu

Sheria ya vipimo inamtaka mfanyabiashara atumie mizani iliyohakikiwa. Mizani ya dukani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Kabla muuzaji hajaweka bidhaa, mlaji atazame mambo mawili: stika ya mwaka huu, na mshale au tarakimu zinazosomeka sifuri. Mizani ikisoma gramu 50 ikiwa tupu, robo kilo yako itakuwa gramu 200, nawe umelipia gramu 250. Gramu 50 ulizolipia zimebaki dukani.

Kisado ni jambo gumu zaidi. Ndoo hiyo ndogo ya plastiki imekuwa kipimo cha kawaida sokoni kwa viazi, nyanya, maharage na mahindi, lakini inapima nafasi, haipimi uzito. Viazi vikubwa huacha mianya mingi ndani ya ndoo, na ndoo yenyewe huweza kuwa imebonyezwa kitako au kukatwa ukingo. Ushauri wetu ni rahisi: siku moja, chukua ulichopimiwa kwa kisado ukakipime kwenye mizani ya duka la jirani. Ukijua kwamba kisado cha muuzaji fulani hutoa kilo ngapi, utaweza kulinganisha bei yake na ya mwenzake bila kubishana na mtu. Fungu la nyanya nalo lipimwe kwa macho ya aina hiyo: nyanya nne ngumu zina thamani kuliko sita zilizoanza kutoa maji chini ya fungu.

Chungu kimoja cha maharage

Sasa tuingie jikoni. Maharage ndiyo rafiki mkubwa wa mtu mwenye haraka, ingawa wengi huyakimbia siku za kazi kwa sababu huchukua muda mrefu motoni. Muda huo hupunguzwa kwa kuyaloweka. Maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi, wakati wa kutoka kwenda kazini, huiva mapema zaidi jioni na hula mkaa au gesi kidogo. Kwanza yachaguliwe na kuondolewa mawe na punje zilizooza. Maji ya kulowekea yamwagwe, yawekwe mengine, kisha maharage yatokote kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Hatua hiyo isirukwe, hasa kwa maharage mekundu, kwani yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Yakipikwa kwa moto mdogo tu tangu mwanzo hadi yakalainika kidogo, huweza kuleta kutapika na kuhara.

Nusu kilo ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo moja ya maharage yaliyoiva, nayo hutosha watu wanne kwa jioni mbili. Siri ya kutochoka nayo ni kuyachemsha bila kuyaunga, kisha kuunga sehemu ya jioni ile tu.

Jioni ya kwanza yapikwe kwa nazi. Kaanga kitunguu na nyanya, mimina maharage na tui la pili, lile jepesi, yachemke pamoja. Tui la kwanza liingie mwishoni, huku ukikoroga taratibu ili lisikatike. Chumvi itiwe karibu na kuepua. Chumvi yenye madini joto ihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko, kwa sababu madini hayo hupungua ikiwekwa wazi.

Jioni ya pili usiyaongezee mchuzi. Yachuje, yaponde kwa mwiko, kisha yakaange kwa mafuta vijiko viwili pamoja na kitunguu, pilipili hoho na karoti iliyokwaruzwa, mpaka yakauke na kuanza kushika sufuria. Kamulia limau. Rojo hilo zito huliwa na viazi vitamu vya kuchemsha au huviringishwa ndani ya chapati. Jirani zetu wa Uganda wamejipatia jina kwa kuviringisha mayai ndani ya chapati na kukiita chakula hicho rolex; hakuna sheria inayozuia maharage kupanda gari hilo. Watoto wanaokataa maharage ya bakuli, mara nyingi huyala yakiwa yamefichwa hivyo.

Mwenye jokofu anaweza kuchemsha robo tatu ya kilo na kuwa na jioni ya tatu: maharage pamoja na maji yake, fungu la mchicha, na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, yachemke kwa dakika chache mpaka mchuzi uwe mzito. Mboga hiyo huliwa na ugali, wala haihitaji nyama kuitwa mlo.

Limau tulilolitaja si la ladha peke yake. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ya limau, nyanya au embe huyasaidia. Chai ya rangi hufanya kinyume chake. Kwa hiyo familia yenye mama mjamzito au watoto wadogo ingefaa isogeze chai yake mbali na mlo wa jioni, walau kwa saa moja.

Kiporo

Hapa tunalazimika kuwa wakali kidogo. Kiporo ni sehemu ya maisha yetu, na mara nyingine kiporo cha maharage hushinda chakula chenyewe kwa utamu. Lakini kukichemsha tena hakutibu kila kitu. Wali uliokaa usiku kucha katika sufuria ya moto wa uvuguvugu huweza kuotesha bakteria wanaotoa sumu isiyovunjwa na moto. Mlaji ataupasha, utatoa mvuke, utanukia vizuri, na bado utamdhuru.

Utaratibu salama ni huu: chakula kinachobakizwa kihamishiwe kwenye chombo kipana ili kipoe upesi, kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, na kipashwe moto mara moja tu mpaka mvuke utoke katikati. Kiporo cha wali kilichotunzwa hivyo hukaangwa na kitunguu, karoti na mayai mawili, kikawa mlo wa dakika 10. Asiye na jokofu tunamshauri apike kiasi cha kuliwa jioni ile na atafute wepesi wake mahali pengine: katika kuloweka mapema, na katika vyakula vikavu visivyohitaji jokofu. Maharage ya nazi yasibakizwe kabisa nje ya jokofu.

Dagaa, mayai na karanga

Dagaa ni chakula cha kuheshimiwa. Wa Ziwa Victoria, wa Ziwa Tanganyika na wa baharini wote huliwa pamoja na mifupa yao, na katika mifupa hiyo mna kalsiamu. Tofauti ya ubora hutokana zaidi na mahali walipoanikwa. Waliokaushwa juu ya chanja huwa safi. Walioanikwa mchangani hubeba mchanga mpaka kwenye sahani. Chagua wenye rangi ya fedha, wazima, wasio na harufu kali ya kuvunda wala unga unga chini ya mfuko. Nyumbani, walowekwe kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache na wasuuzwe kwa maji zaidi ya mara moja, ukiwainua kwa mikono badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini ya bakuli.

Wakaangwe kwanza bila mafuta mpaka wakauke, ndipo mafuta na kitunguu vifuate. Tangu hapo njia ni nyingi: nyanya na limau kwa ugali, bilinganya au nyanya chungu kwa anayependa uchungu kidogo, ndizi mbichi na tui la nazi kwa mlo wa sufuria moja usiohitaji ugali kabisa. Hiyo ya ndizi tunaipendekeza kwa siku ambazo gesi inakaribia kuisha.

Mayai ni mkombozi wa Alhamisi. Chipsi mayai za barabarani ni tamu, lakini hubeba mafuta mengi ambayo mlaji hajui yamekaangiwa mara ngapi. Nyumbani, viazi vinne vilivyochemshwa na kukatwa vipande, vikageuzwa kidogo kwenye mafuta vijiko viwili, kisha vikamiminiwa mayai matatu yaliyopigwa pamoja na hoho na kitunguu, hulisha watu watatu. Funika, moto uwe mdogo, mayai yaive mpaka katikati. Kila yai livunjwe kwanza kwenye kikombe. Yai linaloelea juu ya maji limezeeka, na lenye ufa lililokaa dukani lisinunuliwe hata kwa bei ya chini.

Kuhusu karanga na mahindi tunaomba msomaji asome taratibu. Vyakula hivyo, vikivunwa au kuhifadhiwa vikiwa na unyevu, hushambuliwa na kuvu wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha ugonjwa na vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo cha muda mrefu huliharibu ini na huweza kuleta saratani. Haionekani, haina ladha, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuchambua: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Kwa sababu hiyo tunapendelea mlaji anunue karanga nzima, azichambue chini ya mwanga, ndipo azitwange mwenyewe. Karanga zilizosagwa na kufungwa kwenye mfuko usio na lebo huficha kila kitu. Dona nalo lina virutubishi vingi kuliko sembe, lakini pumba na kiini ndimo sumukuvu inapojikusanya zaidi, hivyo dona litoke kwenye mahindi ambayo umeyaona na kuyachambua.

Lebo na mtungi

Kwa bidhaa za kufungashwa, tafuta jina na anwani ya mzalishaji, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda wa matumizi, na alama ya ubora ya TBS. Punguzo kubwa la bei la ghafla mara nyingi huwa na tarehe nyuma yake. Kopo la nyanya lililovimba lisifunguliwe wala kuonjwa, na pakiti ya unga yenye mabonge au vijidudu irudishwe dukani.

Mtungi wa gesi nao ni sehemu ya gharama ya mlo. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ikiwa umeandikwa kilo 8 na wewe umelipia kilo 6 za gesi, mizani inapaswa kusoma kilo 14. Omba upimwe mbele yako kabla ya kulipa, na uhakikishe lakiri haijaguswa. Muuzaji anayekataa kupima amekwisha kukujibu.

Ukiuziwa chakula kilichoharibika au pungufu, usikitupe kwa hasira. Kiache katika kifungashio chake, hifadhi risiti, andika siku, saa na mahali uliponunua, na piga picha ya namba ya toleo. Rudi kwanza kwa muuzaji, kwa lugha ya upole, naye mara nyingi atabadilisha. Asipofanya hivyo, malalamiko kuhusu uzito na ujazo yapelekwe Wakala wa Vipimo, na yale ya ubora na usalama wa chakula yapelekwe Shirika la Viwango. Ikiwa mtu ameugua, aende kwanza kituo cha afya, na mabaki ya chakula yahifadhiwe mahali pa baridi kwa ajili ya uchunguzi. Mlalamikaji hahitaji wakili wala barua ndefu. Ukurasa mmoja wenye maelezo hayo, pamoja na nakala ya risiti, unatosha kuanza nao.